Kutoka mazoezi hadi mazoea: mwongozo wa kocha anayetaka wateja wanaodumu

Mteja akikujibu "nitajitahidi, kocha", mara nyingi amekukatalia. Hakusema "hapana" kwa sababu umemweleza faida za mazoezi dakika kumi nzima, na kwa adabu zetu mtu aliyejieleza kwa bidii hivyo haambiwi hapana usoni. Atalipia mwezi, atakuja mara nne, kisha simu itaanza kuita bila kupokewa. Wewe utasema ni mvivu. Yeye atasema mambo yameingiliana.

Mwongozo huu ni wa kocha anayejua tayari kufundisha skwoti na pushapu, awe wa jimu, wa ufukweni au anayewafuata wateja majumbani, ila wateja wake hawavuki mwezi wa pili. Mifano mingi ni ya Dar es Salaam. Msimamo wetu ni kwamba mteja hudumu na sababu aliyoitamka mwenyewe na mpango alioupanga mwenyewe. Uliyomhubiria wewe atayaacha pale pale mlangoni.

Kwanza, mashine ya presha

Usianze kumtia mtu moyo kabla hujajua moyo wake uko salama. Pitia naye maswali ya PAR-Q, fomu ya kuchunguza afya kabla ya mazoezi inayotumika nchi nyingi. Je, daktari amewahi kumwambia ana tatizo la moyo au presha? Huumwa kifua akiwa amepumzika au akifanya kazi? Hupata kizunguzungu au amewahi kuzimia? Anatumia dawa gani? Ana kiungo kinachoweza kuharibika zaidi kwa mazoezi? Penye "ndiyo", akamwone daktari kwanza.

Mpime presha akiwa ameketi na kutulia dakika 5, mgongo umeegemea, mkono umelala juu ya meza usawa wa moyo. Ikisoma 180/110 au zaidi, siku hiyo hakuna mazoezi, aende kituo cha afya. Kwa anayetumia dawa za presha za kundi la atenolol, usitegemee mapigo ya moyo kwenye saa yake, kwa sababu dawa hizo huyapunguza na utamsukuma kupita kiasi ukidhani bado yuko chini. Tumia kipimo cha maneno: kwa mazoezi ya wastani aweze kuzungumza lakini asiweze kuimba. Mwenye sukari anayechoma insulini au kumeza glibenclamide awe na juisi au glukosi mkobani kila kikao, maana sukari yake inaweza kushuka ghafla.

Kikao cha kwanza: dakika 45, na 25 kati ya hizo ni za maneno

Kama mteja amekuzidi umri, shikamoo ije kabla ya yote. Kuvaa kwake traksuti hakumfanyi rika lako. Kocha wa miaka 26 anayemwita mama wa miaka 51 kwa jina lake la kwanza na kumpigia makofi "twende, twende!" atatiiwa siku hiyo, na kesho hatamwona. Muulize tu, "Ungependa nikuite nani?" Wengine watasema "Mama Fulani", wengine watataka jina lao, na wapo wanaofurahia "dada" kuliko heshima yoyote.

Kaeni pembeni, viti vikiwa vimekaa mshazari, mbali na spika na mbali na kioo kikubwa. Mtu anayeuona mwili wake kwenye kioo tangu dakika ya kwanza hujibu maswali akiwa anajitetea.

Maswali matano yanatosha:

1. Nini kimekuleta sasa, na si mwaka jana?
2. Kuna kipindi uliwahi kufanya mazoezi ukayafurahia? Yalikuwaje?
3. Yaliishaje?
4. Siku yako ya kawaida ikoje, tangu unapoamka hadi unapolala?
5. Nyumbani nani atafurahi ukianza, na nani atalalamika?

La tatu ndilo makocha huliruka, na ndilo lenye dhahabu. Namna mazoezi ya mwisho yalivyoisha ndivyo na haya yatakavyotaka kuisha: goti, safari za kikazi, mume asiyependa achelewe kurudi, aibu ya kuvaa suruali ya kubana mbele ya vijana. Liandike neno kwa neno, utalihitaji wiki ya tano.

Kwa swali la kwanza, jibu la kawaida ni "kupunguza kitambi". Kitambi ni mlango tu, usikae mlangoni. Tazama mazungumzo haya:

— Mimi nataka kupunguza hiki kitambi tu, mwanangu.
— Kitambi kinakusumbua, mama.
— Sana. Hata kufunga viatu shida. Na zile ngazi za ofisini, lifti ikiharibika, nafika ghorofa ya tatu natweta, vijana wananiangalia.
— Kwa hiyo si kitambi peke yake. Ni kufika juu hoi mbele ya vijana unaowasimamia.
— Eeh, hapo umenena! Mimi ndiye mkuu wao, halafu nahema namna ile.
— Ngazi hizo ungependa uzipandeje?
— Nipande huku naongea na simu, mtu asijue kama nimepanda.

Kocha hapo ameuliza swali moja tu. Kauli nyingine mbili ni maneno ya mteja aliyorudishiwa yakiwa yamenyooshwa kidogo. Matokeo yake ni lengo linalopimika, tena linafanana na kile kipimo cha kuzungumza tulichokitaja kwenye presha: kupanda ghorofa tatu akiongea na simu. Liandike hilo juu ya kadi yake. Kitambi kiandike chini, au usikiandike kabisa.

Mteja azungumze theluthi mbili ya muda. Kama unadhani tayari unafanya hivyo, omba ruhusa urekodi kikao kimoja kwa simu, kisha ukisikilize ukiwa na saa mkononi. Wengi hushtuka.

Adui mkubwa hapa ni hamu ya kurekebisha. Mteja anasema "sina muda", na ulimi wako unataka kujibu "muda upo, amka mapema". Ukijibu hivyo umempa kazi ya kukuthibitishia kwamba kweli hana muda, na ataifanya vizuri: foleni, watoto, kazi, mama mgonjwa. Kila sababu anayoitaja anazidi kuiamini. Badala yake sema "siku zako zimejaa kweli", kisha nyamaza uhesabu kimoyomoyo hadi tatu. Mara nyingi ataendelea mwenyewe, "zimejaa, ila Jumamosi asubuhi huwa nimekaa tu."

Ukiwa na elimu ya kutoa, itie katikati ya maswali mawili. "Unajua nini kuhusu mazoezi na presha?" Msikilize. "Naomba nikuongezee jambo moja." Liwe moja kweli. "Wewe unalionaje kwa maisha yako?" Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 inataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na siku mbili za mazoezi ya nguvu. Mtu aliye kwenye sifuri ukimtajia 150 umemfungia mlango. Miongozo hiyo hiyo inasema kidogo ni bora kuliko kutofanya kabisa, na hilo ndilo la kumwambia kwanza.

Sikiliza kitenzi

Mwanasaikolojia wa Marekani William R. Miller alianza kuandika mwaka 1983 kuhusu njia ya kuzungumza na watu wenye tatizo la pombe, na baadaye akaiendeleza pamoja na Stephen Rollnick. Kiini chake ni kwamba mtu hubadilika kadiri anavyojisikia akitetea mabadiliko kwa kinywa chake. Kazi ya msikilizaji ni kuyatambua maneno hayo yanapochungulia na kuyapa nafasi. Kiswahili kinaturahisishia kazi, kwa kuwa viambishi vyake vinasema mtu amefika wapi.

"Ningepata muda ningeanza." Palipo na *-nge-*, mtu bado anaota. Usimpe programu. Muulize maisha yake, mwambie mlango uko wazi, mpe matembezi ya dakika 10 kama anataka.

"Inabidi", "natakiwa", "daktari kasema." Sababu ni ya mwingine. Uliza kwa upole, "Daktari kasema hivyo. Na wewe mwenyewe?" Jibu likichelewa, subiri.

"Natamani", "nataka." Hapa kuna moto. Uliza, "Ukianza, utaanzaje?"

"Nimeshanunua raba", "jana nilishuka daladala kituo kimoja kabla." Huyu ameanza. Kosa la kocha ni kuendelea kumshawishi, sawa na kumhubiria aliyekwisha okoka. Funga mdomo, toa kalenda.

Tahadhari kuhusu "Inshallah" na "Mungu akipenda". Muumini huyasema hata kwa jambo la hakika, kwa hiyo si kukataa. Angalia kinachofuata. "Inshallah Jumanne saa 12 asubuhi" ni ahadi. "Inshallah" ikiwa peke yake, na anatafuta funguo za gari, ni kwaheri.

Kupima uhakika bila kudanganywa na adabu

Muulize maswali mawili. "Kutoka 0 hadi 10, jambo hili lina umuhimu kiasi gani kwako?" na "Una uhakika kiasi gani kwamba utafanya mara mbili kwa wiki, wiki nne zijazo?" Akisema 6, uliza "Kwa nini 6 na si 3?" Usiulize kwa nini si 10, maana swali hilo humfanya ahesabu vikwazo. La kwanza humfanya ajitajie uwezo wake.

Uhakika ukiwa chini ya 7, punguza mpango: mara mbili iwe mara moja, dakika 40 ziwe 15. Usimwambie ajipe moyo. Mpango mdogo unaotekelezwa hujenga zaidi ya mkubwa unaoahirishwa.

Shida ni kwamba wateja wetu wengi watakupa 9 ili wasikuvunje moyo. Kwa hiyo hakiki kwa wiki iliyopita: "Tuseme tungekuwa tumeanza Jumatatu iliyopita. Vikao viwili ungeviweka wapi?" Wiki iliyopita haina adabu. Ilikuwa na msiba Jumanne, kikao cha harusi Alhamisi, na gari kwa fundi Ijumaa. Ikiwa hapati nafasi hata moja, ile 9 ilikuwa salamu.

Andika mpango kwa *-kisha-*

Mwanasaikolojia wa Ujerumani Peter Gollwitzer alionyesha kwamba mtu anayetaja lini, wapi na baada ya nini atafanya jambo hulitekeleza zaidi ya mwenye nia njema tu. Katika utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2002, asilimia 91 ya washiriki walioandika siku, saa na mahali walifanya mazoezi wiki iliyofuata. Waliopewa maelezo ya kuhamasisha peke yake walikuwa asilimia 35, wasiopewa lolote asilimia 38. Ilikuwa wiki moja tu, kwa hiyo usiufanye muujiza. Lakini tazama: mahubiri peke yake hayakuongeza kitu.

Kwetu mpango huo una kiambishi chake tayari. Mwambie mteja aandike kwa mkono wake sentensi inayoanza na *nikisha*:

*Nikishamshusha mtoto shule Jumanne na Ijumaa, nitaendesha moja kwa moja hadi jimu, kabla sijafungua simu.*
*Nikishaswali alfajiri, nitavaa raba na kuzunguka mtaa dakika 15.*
*Nikishafunga duka, nitapiga raundi mbili za kukaa na kuinuka kitini kabla ya kuoga.*

Jambo linalofuata *nikisha* liwe linalotokea bila kukosa. "Nikitoka kazini" ni kamba mbovu kwa mji wa foleni, kwani leo anatoka saa 11, kesho saa 2 usiku. Sala, chai ya asubuhi, kupeleka mtoto, kufunga duka, hizi ni nanga. Ukiwa na mteja wa mbali kwa simu, andika saa kwa namna mbili, "saa 12 asubuhi, 06:00", na kumbuka aliye Muscat yuko saa moja mbele yetu. Vikao vingi hupotea kwa sababu hiyo tu, na kila mmoja anaamini mwenzake ndiye aliyekosa.

Chini ya sentensi hiyo aandike kiwango cha chini: kitu cha dakika 5 hadi 10 cha siku mbaya kabisa. Mfano, kukaa na kuinuka kitini mara 10, pushapu za ukutani mara 10, basi. Siku ya kiwango cha chini huhesabiwa ni siku kamili. Ukimwonyesha usoni kwamba "hiyo si mazoezi", umekibomoa kiwango chote.

Muda je? Ile hadithi kwamba tabia hujengeka kwa siku 21 iache. Watafiti wa chuo cha University College London, UCL, wakiongozwa na Phillippa Lally, waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga tabia mpya. Ilichukua wastani wa siku 66 jambo lijiendeshe lenyewe, kuanzia siku 18 kwa wengine hadi makadirio ya siku 254 kwa wengine, na mazoezi yalichukua muda mrefu kuliko kunywa maji. Kukosa siku moja hakukuharibu safari. Mwambie mteja mambo haya mawili siku ya kwanza: itachukua miezi, na siku iliyokosekana si kosa la jinai.

Wiki mbili za kwanza ziwe nyepesi hadi zikuaibishe

Watu wengi wa hapa walikutana na mazoezi kwanza kama adhabu. Kuchelewa shule ilikuwa kichurachura, kelele darasani pushapu ishirini, na aliyepita Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, ana kumbukumbu zake. Kocha anayemfungulia mteja mpya kichurachura siku ya kwanza "amwonyeshe kazi" anaziamsha hizo zote, halafu kesho yake mteja hawezi kushuka kwenye daladala. Kwa sababu hiyo hiyo usimtoze mtu pushapu kwa kuchelewa kikao, hata kwa utani.

Mpango wa kuanzia, mara mbili kwa wiki, dakika 25 hivi:

- Kutembea kupasha mwili moto, dakika 5.
- Kukaa na kuinuka kwenye kiti cha kimo cha kawaida, seti 2 za mara 8.
- Pushapu za ukutani, seti 2 za mara 8.
- Kulala chali na kuinua makalio, seti 2 za mara 10.
- Kuvuta utepe wa mpira wa mazoezi kuelekea kifuani, seti 2 za mara 10.
- Dakika 3 za jambo linalogusa lengo lake. Kwa yule mama, ngazi, taratibu.

Kati ya seti apumzike sekunde 60 hadi 90. Juhudi iwe 3 au 4 kati ya 10 kwa kujisikia mwenyewe. Siku nyingine mbili atembee dakika 10. Amalize akihisi angeweza kuendelea, mwache na njaa kidogo.

Mwambie kabla hajaondoka kwamba misuli inaweza kuuma, na maumivu hayo hufikia kilele kati ya saa 24 na 72 baadaye. Asiyeambiwa hudhani ameumia na haji tena. Mtofautishie: misuli kuuma pande zote mbili ni kawaida, kiungo kuchoma kama sindano, kifua kubana au mguu mmoja kuvimba si kawaida. Misuli ikivimba na kuuma sana, na mkojo ukawa wa kahawia iliyokoza kama kola, ni hospitali siku hiyo hiyo. Hilo huweza kumpata mtu aliyesukumwa mno siku ya kwanza, na lawama inakuwa ya kocha.

Ongeza akihudhuria vikao vitatu kati ya vinne vya wiki mbili mfululizo: kwanza marudio hadi 12, halafu seti ya tatu, uzito mwisho. Mahudhurio ndiyo yanayofungua ngazi inayofuata. Mteja mwenye nguvu anayekuja kwa kusuasua usimwongezee.

Maneno wakati jasho linatoka

Toa elekezo moja kwa seti moja. "Sukuma sakafu" linafanya kazi kuliko "kaza mapaja, bana makalio, nyoosha mgongo", kwa kuwa mtu hufanya harakati vizuri zaidi akili yake ikiwa kwenye kitu cha nje kuliko kwenye msuli. Akikosea, ngoja amalize marudio matatu ndipo useme.

Kabla ya kumgusa omba, "Naomba niguse bega lako nikuonyeshe", kila mara, hata kama jana alikubali. Kwa kocha wa kiume na mteja wa kike, hasa anayejistiri, jizoeze kuonyesha kwa mwili wako mwenyewe au kwa fimbo ya mopa iliyolazwa mgongoni. Video za kurusha mtandaoni ni kwa ruhusa iliyotamkwa siku hiyo hiyo.

Sifa ziwe za jambo lililoonekana. "Hongera, uko vizuri" husahaulika kabla hajafika kwenye gari. "Wiki mbili zilizopita uliinuka kitini kwa kushika magoti, leo hukushika" ataisimulia nyumbani. Badala ya "umechoka?", ambalo jibu lake ni ndiyo au fahari, uliza "Ngapi kati ya 10?"

Simu kati ya kikao na kikao

Ujumbe mmoja jioni ya kuamkia kikao, mmoja baada ya kikao wiki za mwanzo, basi. Ujumbe wa asubuhi wenye picha ya simba na maneno ya ushujaa usitume. Ataunyamazisha pamoja na makundi ya familia.

Usiku uliotangulia: *Habari za jioni mama. Kesho Ijumaa, ukishamshusha mtoto, niko pale. Ikitokea dharura, kuna zile kumi kumi za nyumbani.*

Umerudia sentensi yake na kiwango chake cha chini, na hujaweka alama ya mshangao hata moja. Ujumbe wa sauti ufupishe, sekunde 20. Hesabu ya mahudhurio usiibandike kwenye kundi la wateja wote, labda wameomba wenyewe. Kushindanisha huwapendeza watatu wa juu na kuwaondoa watano wa chini.

Mteja akikosa

Siku hiyo hiyo: *Pole na majukumu, leo hatukuonana. Yote salama?* Usiulize "mbona hukuja?" Salamu kwanza, kwa sababu huenda kuna mgonjwa.

Baada ya siku tatu, ikiwa kimya: *Nimekuwekea Jumanne na Jumatano saa 12 asubuhi. Ipi ni rahisi kwako?*

Baada ya siku saba, piga simu mchana, dakika tatu. Mwambie hana deni kwako. Uliza kile ulichokiandika kwenye swali la tatu la siku ya kwanza: "Uliniambia mara ya mwisho ilikuwa goti. Safari hii ni goti tena, au ni jambo jingine?" Mtu akigundua ulimsikiliza, hufunguka.

Baada ya siku 14, ujumbe wa mwisho wenye mlango wazi, kisha nyamaza: *Mama, sitakusumbua. Ukiwa tayari tutaanza na zile dakika 10, si pale tulipoishia.* Maneno hayo ya mwisho ni muhimu. Wengi hawarudi kwa sababu wanaogopa kuanzia pale walipoacha wakiwa wamelegea.

Akirudi, usimtanie mbele ya watu kwamba amepotea kama mkopo. Mpokee kama aliyekuja jana, punguza mzigo nusu wiki ya kwanza.

Mizani, na "mbona umekonda?"

Uzito unaweza kupanda au kushuka kilo moja au mbili ndani ya siku kwa maji, chumvi, chakula kilichomo tumboni au siku za mwezi. Ukimpima kila kikao utakuwa unamlipa na kumtoza faini bila sababu. Pima mara moja kwa wiki mbili, asubuhi, baada ya choo. Katikati pima mengine: mara ngapi anainuka kitini kwa sekunde 30, kiuno kwa futi ya fundi cherehani, presha, na ngazi zake.

Jambo ambalo vitabu vya nje havikuandai: huku kunenepa bado ni sifa kwa wengi. Mteja aliyepungua kilo sita atakwenda kwenye msiba au harusi, na shangazi watatu watamwuliza kama anaumwa au ndoa ina matatizo. Wapo wanaoacha wiki hiyo hiyo, na kocha hajui kwa nini. Mwandae mapema, karibu na mwezi wa pili: "Watu watakwambia umekonda. Utawajibuje?" Atunge jibu lake, fupi, la kucheka. Mfano, "Nimekonda, ila njoo tushindane ngazi."

Ramadhani, masika, Januari

Vikwazo vyenye tarehe havipaswi kukushangaza. Wiki mbili kabla ya Ramadhani kaa na anayefunga mchague: mazoezi mepesi saa moja kabla ya futari, au ya nguvu baada ya tarawehe akishakunywa maji. Lengo la mwezi ni kutopotea, si kuongeza. Kwa masika ya Machi hadi Mei, anayekimbia nje au kwenda na klabu ya jogingi Jumamosi awe na karatasi ya mazoezi ya sebuleni kabla tone la kwanza halijadondoka. Januari ni ada za shule. Mpe kifurushi cha kikao kimoja kwa wiki bila kumfanya aombe, kwa sababu wengi wataona haya kuomba na watatoweka.

Kujiondoa

Tangu mwezi wa tatu, anza kumpokonya mteja usaidizi wako kidogo kidogo. Kwanza achague yeye zoezi moja kati ya matano. Wiki nne baadaye apange kikao kizima nawe utazame. Kisha kikao kimoja kati ya viwili akifanye peke yake, akutumie neno moja tu: "tayari". Kufikia mwezi wa sita mnaonana mara moja kwa wiki au wiki mbili, kwa kupima na kurekebisha.

Makocha huogopa hatua hii kwa sababu ya kodi ya nyumba, na hofu hiyo tunaielewa. Lakini mteja anayekuhitaji ili asogeze mkono atakuacha siku hela ikikata, na atakuacha na mazoezi pia. Kabla hujapunguza vikao muulize, "Nikisafiri wiki mbili, utafanya nini?" Akijibu "nitajitahidi", rudini kwenye kadi. Akijibu "nikishamshusha mtoto…", mwachie Jumanne.